Mkono Mgongoni mwa Nado

Jumapili ya Januari 4, 2026, kibanda umiza cha mtaani kwetu kilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Runinga moja, feni moja, na mlangoni vijana wa bodaboda wamesimama na helmeti zao kichwani kama wanaotaka kuondoka, lakini hakuna aliyeondoka. Hatua ya 16 bora ya AFCON, fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Morocco 1, Tanzania 0. Dakika za nyongeza zinayoyoma kule Rabat. Iddi Nado akaingia ndani ya kumi na nane, beki Adam Masina yuko nyuma yake, mkono mgongoni, Nado chini.

Kibanda kizima kilisimama. Mwamuzi, Boubou Traoré wa Mali, akaashiria mpira uendelee. Tukasubiri aguse sikio. Tukasubiri aende kwenye kioo. Hakwenda. Filimbi ya mwisho ikalia, na kijana aliyekuwa mbele yangu akajifunika uso kwa jezi akakaa hivyo muda mrefu, hata watu walipoanza kukunja mabenchi.

Asubuhi yake, kijiweni, hapakuwa na habari nyingine. Penati, penati, penati. Kila mtu alikuwa na kile kipande cha video kwenye simu, kila mtu anakisimamisha palepale mkono unapogusa mgongo. Mzee anayetuuzia kahawa alitusikiliza kwa muda, akatumiminia vikombe, kisha akauliza, "Wanangu, hivi yule kipa wao, Bono, jana alidaka mipira mingapi ya hatari?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikumjibu, na swali lake ndilo limenikalisha kuandika haya.

Nianze na mwamuzi, kwa sababu sitaki mtu aseme ninamtetea. Kumsukuma mchezaji kwa mkono mgongoni anapoelekea mpira ni faulo. Nje ya kumi na nane ni mpira wa adhabu, ndani ni penati, na sheria haina kipengele kinachosema dakika ya tisini na kitu mwamuzi awe mgumu zaidi. VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, usiku ule ilikuwepo kwa mambo manne tu: goli, penati, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mwamuzi kumwadhibu mchezaji asiye mhusika. Inaingilia pale tu kosa la mwamuzi linapokuwa la wazi kabisa. Hapo ndipo penye mwanya. Tukio likiwa la katikati, uamuzi wa kwanza wa uwanjani ndio unaosimama, na uamuzi wa kwanza hutolewa na binadamu mwenye mapafu yaliyochoka, mbele ya uwanja mzima unaoshangilia timu ya nyumbani.

Kilichoniuma zaidi kilikuja wiki mbili baadaye. Fainali, uwanja uleule, Morocco na Senegal, dakika za nyongeza tena, Brahim Díaz wa Morocco akavutwa na kuanguka ndani ya boksi. Safari hii mwamuzi aliitwa kwenye kioo, akaangalia, akaweka mpira kwenye nukta. Sisemi Díaz hakuvutwa. Alivutwa. Ninachouliza ni kwa nini mkono mmoja ulistahili kuangaliwa mara ya pili na mwingine haukustahili. Díaz alikosa ile penati, kipa wa Senegal, Mendy, akaidaka, lakini hilo halijibu swali. Shabiki wa Tanzania aliyeona matukio yote mawili ana haki ya kukasirika, na asiambiwe kwamba analialia.

Tuna kumbukumbu nyingine za namna hii. Aprili 5, 2024, Pretoria, Yanga na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Stephane Aziz Ki alipiga shuti likagonga mtambaa panya kwa chini, likadunda, likatoka. Ukiliangalia mara moja unasema limeingia. Ukiliangalia mara kumi unasema limeingia. Hakukuwa na teknolojia ya mstari wa goli, VAR wakaangalia kwa kamera walizonazo, mchezo ukaendelea. Mei 2025, New Amaan, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco, goli la Steven Mukwala likakataliwa kwa kuotea baada ya VAR. Mashabiki wa Simba na Yanga, ambao hawakubaliani hata juu ya rangi ya anga, hapo wanaongea lugha moja: tumeonewa.

Sasa nirudi kwa mzee wa kahawa.

Yanga na Sundowns walicheza dakika 180, Dar es Salaam na Pretoria, matokeo yakawa 0-0 na 0-0. Yanga wakatolewa kwa penati 3-2. Goli la Aziz Ki, kama lingehesabiwa, lingekuwa goli pekee la Yanga katika saa tatu za mpira. Simba walikwenda fainali ya marudiano wakiwa nyuma kwa mabao 2-0 waliyofungwa Berkane, Joshua Mutale akafunga mapema na Amaan ikalipuka, kisha Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, ikaisha 1-1. Na Taifa Stars, timu yetu ya taifa, usiku ule wa Rabat, tulipata nafasi kadhaa za kuwashtua wenyeji, zikapaa juu. Díaz yeye alipata upenyo wa pembe finyu dakika ya 64 akatumbukiza.

Timu inayotengeneza nafasi nane za kweli, mwamuzi akiinyima penati moja, imenyimwa kimoja kati ya vitu nane. Timu inayotengeneza nafasi moja imekabidhi mechi nzima mikononi mwa mwamuzi. Sisi tumekuwa timu ya nafasi moja kwa muda mrefu, na kila mara nafasi hiyo ikiliwa, tunamtafuta aliyeila na kusahau kwamba sahani ilikuwa na kijiko kimoja tu cha wali.

Hesabu zipo wazi. Tumekwenda AFCON mara nne: Lagos 1980, Misri 2019, Ivory Coast kwenye fainali za 2023 zilizochezwa Januari na Februari 2024, na Morocco kwenye fainali za 2025. Mechi 13. Ushindi sifuri. Mabao tisa. Matatu ya Lagos yalifungwa kizazi cha baba zetu, mawili kati yake na Thuwein Ally. Kwa hiyo tangu turudi mwaka 2019 tumefunga mabao sita katika mechi kumi, na matatu kati ya hayo sita ni ya mtu mmoja, Simon Msuva: Kenya mwaka 2019, Zambia 2024, Uganda 2025. Msuva alizaliwa mwaka 1993. Mbwana Samatta, aliyewafunga Kenya siku ileile ya mwaka 2019, ni wa 1992. Hao ndio waliokuwa vijana wetu, na bado tunawategemea kama vijana.

Angalia mabao yetu matatu ya fainali za kule Morocco. La kwanza, dhidi ya Nigeria, lilifungwa na Charles M'Mombwa, kiungo. La pili, dhidi ya Uganda, penati ya Msuva. La tatu, dhidi ya Tunisia, shuti la mbali la Feisal Salum, Fei Toto, kiungo. Hakuna hata moja lililofungwa na mshambuliaji mpira ukiwa unachezwa. Rudi nyuma hadi CHAN, fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, tukiwa nyumbani, mechi tano, mabao matano: mawili ya mabeki wa pembeni, Mohamed Hussein na Shomari Kapombe, moja penati ya Sopu, na mawili ya Clement Mzize siku moja, dhidi ya Madagascar. Ukimwondoa Mzize na jioni yake hiyo, hakuna straika aliyefunga mpira ukiwa unachezwa. Robo fainali tukakutana na Morocco, tukafungwa 1-0, tukaaga.

Kufuzu Kombe la Dunia la 2026 nako kuliniumiza sana, ingawa watu wamesahau haraka. Mechi tatu tulizocheza nyumbani kwenye kundi lile, Morocco walitufunga 2-0 Dar es Salaam, Niger wakatufunga 1-0 Zanzibar, Zambia wakatufunga 1-0 palepale Zanzibar. Mechi tatu, nyumbani, hatukutikisa wavu hata mara moja. Nani alimlaumu mwamuzi siku ya Niger? Hakuna, kwa sababu hapakuwa na tukio la kusimamisha kwenye simu. Tulitoka uwanjani kimya, na kesho yake hata kijiwe hakikujaa. Kushindwa kusiko na mkosaji wa nje hakuzungumzwi na mtu.

Mechi ninayoirudia kichwani kuliko zote ni ya San-Pédro, Januari 21, 2024. Zambia. Dakika ya 11 Samatta akampa Msuva pasi, Msuva akafunga. Kabla ya mapumziko Zambia wakapata kadi nyekundu, Roderick Kabwe akatoka. Tunaongoza, tuko 11 dhidi ya 10, kipindi kizima cha pili mbele yetu, na ushindi wetu wa kwanza wa AFCON katika historia unatungoja pale mlangoni. Ungetegemea tuwasogelee, tuwakimbize pembeni, tuwachoshe. Tulirudi nyuma. Kila dakika iliyopita tulirudi hatua moja. Waliopungua wakaonekana wengi. Dakika ya 88, kona, Patson Daka, kichwa, 1-1.

Siku ile hakuna aliyetuonea, na filimbi ilikuwa upande wetu kabisa, tena imetupa mtu mmoja wa ziada. Tulichokosa ni goli la pili, na goli la pili hatukulitafuta.

Watu wakiona haya humgeukia straika. "Hajui kufunga." "Mzito." Na maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika, mengine yakimtaja mama yake. Nadhani tunamkosea. Mweke Samatta wa miaka 25 katika timu hii naye atalowa jasho bure. Kasoro inaanzia mita sitini nyuma yake.

Stars wanapokabana na timu kubwa, mstari wa mabeki unakaa karibu kabisa na kumi na nane yetu, viungo wanakaa mbele yao kidogo, mawinga wanashuka kumsaidia beki wa pembeni. Huku nyuma tunakuwa wengi na tunakaba vizuri. Sifa hiyo tunayo, na kufungwa bao moja tu na Morocco kwao si jambo dogo. Tatizo ni pale tunapopora mpira. Anayeupora yuko kwenye eneo letu, mwenzake wa karibu anamtazama kipa wetu badala ya lango lao, na straika yuko peke yake karibu na duara la kati akiwa na mabeki wawili mgongoni. Ili mpira ufike kwenye eneo lao zinahitajika pasi nne safi. Sisi ya kwanza tunaipata. Ya pili tunaipoteza au tunaibutua. Ikibutuliwa, straika anaruka na watu wawili, mpira unarudi, tunaanza kukaba upya. Ikibahatika kufika pembeni, inapigwa krosi kwa mtu mmoja dhidi ya watatu.

Kwa hiyo sisi hatukosi umaliziaji tu. Tunakosa pasi ya pili na ya tatu. Tunakosa kiungo anayegeuka na mpira kabla haujamfikia, kwa maana ya kwamba amekwisha kuangalia nyuma yake na anajua nafasi iko wapi. Fei Toto anaweza, ndiyo maana bao lile la Tunisia lilitoka kwake. Lakini mtu mmoja anayegeuka hawezi kuibeba timu ambayo wengine wote wanacheza kwa kurudisha.

Ligi yetu imechangia hili, na hapa najua nitakosana na baadhi ya rafiki zangu. Kwa misimu kadhaa klabu imeruhusiwa kusajili wachezaji wa kigeni hadi 12. Siwachukii wageni, Fiston Mayele, Aziz Ki, Kagere kabla yao, walituonyesha mshambuliaji wa kweli anafananaje, na Simba na Yanga zisingefika fainali za Afrika bila wao. Lakini tazama orodha ya wafungaji bora. George Mpole wa Geita Gold alichukua kiatu msimu wa 2021/22 kwa mabao 17. Baada yake wakaja Mayele na Saido Ntibazonkiza pamoja, kisha Aziz Ki na mabao 21, kisha Jean Charles Ahoua. Mtanzania mwenye miguu ya kufunga akisajiliwa na klabu kubwa anapelekwa pembeni au benchi. Hata Mzize, aliyefunga 14 msimu wa 2024/25, mara nyingi alianzia pembeni, Prince Dube akiwa katikati. Halafu tunamwita timu ya taifa na kumwambia simama namba tisa utufungie dhidi ya Nigeria.

Tatizo linaanza mapema zaidi ya hapo. Jirani na kwetu kuna kiwanja cha vumbi ambako watoto wa chini ya miaka 15 wanafanya mazoezi jioni. Mwezi uliopita nilikaa pale kwenye tairi la lori na kuangalia zoezi la kupiga shuti. Watoto karibu thelathini kwenye mstari, mipira miwili, goli moja la miti lisilo na wavu. Mtoto anapiga, mpira unakwenda mbali hadi barabarani, mwenzake anaukimbilia, wote wanasubiri. Mmoja, mwembamba, anayevaa kiatu kimoja cha mpira na kingine raba, nilimfuatilia tangu mwanzo hadi adhana ya magharibi. Alipiga mara mbili. Mara ya kwanza alipaisha. Mara ya pili aliweka chini, pembeni, vizuri sana, akageuka kumtazama kocha, na kocha alikuwa anahangaika na mpira mwingine uliokwenda barabarani. Kufunga ni mazoea ya mwili. Mtoto wa Rabat mwenye umri ule, kwenye shule ya soka, atakuwa amepiga mara nyingi kiasi gani jioni ileile?

Turudi kwenye waamuzi, maana sijamaliza nao. Malalamiko yetu dhaifu hayajatusaidia. Adel Amrouche, akiwa kocha wa Stars Januari 2024, aliituhumu Morocco hadharani kwamba inapanga mambo ya mpira wa Afrika hadi waamuzi na muda wa mechi. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakamfungia mechi nane, TFF, shirikisho letu, wakamsimamisha, na Stars wakacheza mechi ya Zambia na ya DR Congo wakiwa na Hemed Suleiman aliyekabidhiwa timu katikati ya mashindano. Amrouche alizungumza hasira ya mashabiki wengi, lakini hakuweka mezani kitu cha kushika. Hasira bila ushahidi imetugharimu kocha, na aliyelalamikiwa hakupoteza chochote.

Kinachofaa kudaiwa kinajulikana. CAF watoe hadharani mazungumzo ya mwamuzi na chumba cha VAR kwenye matukio yenye utata. Uingereza wanafanya hivyo kwenye televisheni tangu mwaka 2023, na hakuna ligi iliyoanguka. Siku tutakaposikia kwa masikio yetu walichoambiana juu ya mkono wa Masina, tutajua kama waliangalia na wakaamua haukutosha, au hawakuangalia kabisa. Hayo ni makosa mawili tofauti. La kwanza ninaweza kulala nalo.

Na nyumbani tujitazame. Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, iliyokwama Machi 2025 na kuchezwa Juni 25 ilichezeshwa na waamuzi kutoka Misri. Wengi walipumua. Mimi nilisikia uchungu, kwa sababu tulikuwa tumekiri mbele ya Afrika nzima kwamba hatumwamini mtu yeyote wa nchi hii kushika filimbi kati ya hizo timu mbili. Kuchezesha mpira kwetu si ajira ya kumlisha mtu na familia. Mwamuzi anatoka kwenye kazi yake nyingine, anasafiri, anachezesha, anatukanwa, anarudi kazini Jumatatu. Kisha tunashangaa akipoa mbele ya kelele za jukwaa kubwa. Shabiki wa timu ndogo ya mkoani anayajua haya kuliko sisi wa Dar, maana yeye akinyimwa penati hakuna kijiwe cha kitaifa kitakachomlilia.

Lingine tulikubali, hata kama linachoma. Filimbi hiyohiyo tunayoilaani ilituacha hai Morocco. Dhidi ya Uganda tulipewa penati, Msuva akafunga. Wakasawazisha kwa Uche Ikpeazu, kisha dakika za mwisho wao wakapewa penati, Allan Okello akapaisha. Ingeingia, tungekuwa na pointi moja na safari ingeishia makundini. Tulivuka na pointi mbili, hatujashinda mechi, tukiwa sawa na Angola kwa pointi na kwa tofauti ya mabao; tukawapita kwa sababu tulifunga matatu na wao mawili. Shuti la Fei ndilo lililotuvusha. Goli moja tu la ziada, na historia ikaandikwa. Tunajua basi thamani ya goli moja kuliko timu yoyote iliyokuwa kwenye fainali zile.

AFCON ya 2027 ni yetu, Kenya na Uganda. Hatutalazimika kufuzu, na hiyo ina hatari yake, kwa sababu tutacheza mechi zetu hadi siku ya kwanza huku hakuna anayetudai kitu. Ningependa kocha, yeyote atakayekuwa amekaa pale, atumie mechi hizo kucheza akiwa na mabeki wanaoanzia katikati ya uwanja, hata tukifungwa tatu. Nataka kuona viungo wanageuka. Nataka straika Mtanzania wa miaka 21 apewe mechi sita mfululizo asitolewe baada ya kukosa nafasi ya kwanza, na sisi jukwaani tumpigie makofi anapokosa akiwa amekaa mahali sahihi. Na yule mtoto wa kiatu kimoja na raba moja, mtu ampelekee mipira. Nilinunua miwili wiki iliyopita nikampa kocha. Jana jioni nilipopita mstari ulikuwa umegawanyika mara mbili, na bado goli ni moja.